Siku Niliyompandisha Wifi Mlimani

Simu ya mume wangu ilinikuta kituo cha mafuta, kwenye mji mdogo wa mwisho kabla barabara haijaanza kupanda milima ya Wyoming. Wifi yangu, dada yake mume wangu, alikuwa ameingia ndani kutafuta choo na kahawa. Nilipokea nikiwa na chapati mdomoni, na kabla hajasema lolote nikamwambia kama ni habari ya ufunguo wa gereji autafute mwenyewe, nimechoka kuwa macho yake. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Mama ametuacha," akasema.

Mama alikuwa mama yao, mkwe wangu, kule Taveta. Kifua kilikuwa kikimsumbua tangu mwaka uliopita, lakini jana yake tu tuliongea naye tukiwa njiani, akacheka hadi akakohoa kwa sababu tulimwambia tunaendesha gari siku nzima kwenda kutazama maji. Niliegemea gari.

"Usimwambie," mume wangu akaendelea. "Mlete nyumbani kwanza. Nimeshaongea na pastor, kesho watu watakuja hapa straight kutoka church."

"Wewe uko na nani?"

"Niko sawa. Mlete tu. Na usilie, ataona macho."

Kwetu mtu hapewi habari ya msiba akiwa njiani, wala kwa simu, wala akiwa peke yake. Anarudishwa nyumbani, anaketishwa, mmoja anakaa kulia kwake na mwingine kushoto, maji yanawekwa karibu, ndipo mkubwa mmoja anapokohoa na kusema. Watoto wangu, waliozaliwa Minnesota, wanaona huo ni uongo, na wameniambia hivyo kwa Kiingereza zaidi ya mara moja. Mimi nawajibu kwamba siku yao ikifika watashukuru kukuta kiti.

Baba yangu alipofariki nilikuwa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Anoka. Wifi ndiye aliyekuja kunichukua. Alisema gari la mume wangu limeharibika, kisha akanichekesha njia nzima hadi kwangu Champlin kwa habari za mzee mmoja wa kazini kwake aliyekuwa akificha meno yake ya bandia ndani ya viatu vya wenzake. Nilishuka garini bado nacheka, nikaona viatu vimejaa mlangoni kwangu, nikajua. Hata leo namshukuru kwa kile kicheko. Kwa hiyo kazi niliyopewa pale kwenye kituo cha mafuta niliifahamu, na niliyepaswa kumdanganya alikuwa fundi wa kazi hiyo hiyo.

Jambo la kwanza nililojaribu ni kumgeuza. Alipotoka na vikombe viwili vya kahawa nilikuwa nimejikunja kwenye kiti, nimeshika tumbo.

"Wifi, turudi. Naumwa."

Nilisahau nasema na nani. Wifi ni nesi, na safarini hubeba mashine ya kupimia presha kwa sababu yeye mwenyewe ana presha. Alinifunga mkanda mkononi pale pale kando ya pampu, akanibonyeza tumbo huku na huku, akanitazama ulimi.

"Presha iko juu kidogo, but tumbo ni laini kama unga," akasema. "Unaogopa mlima. Sema tu unaogopa."

Ningemwambia nini zaidi? Ningeng'ang'ania kurudi, angeanza kuuliza, na wifi akianza kuuliza haachi. Zaidi ya hapo, yeye ndiye aliyekuwa dereva. Mimi huendesha Champlin na Brooklyn Park, na barabara kuu nikilazimika. Zile kona za milimani zenye korongo upande mmoja siziwezi hata mchana. Angeipata habari akiwa huku, na presha ile, basi tungekuwa wanawake wawili mlimani na gari lisilo na mtu wa kulishusha. Halafu nikafikiri jambo lililonituliza: huko juu hakuna mtandao. Mume wangu alikuwa amewaonya ndugu wote wasimpigie wala kumwandikia, lakini kuna binamu yao mmoja ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Kadiri tulivyokaa mjini ndivyo simu ya wifi ilivyokuwa hatari. Nikasema haya, twende mlimani.

Wazo la lile ziwa lilikuwa lake. Alikuwa ameliona kwenye picha ya mfanyakazi mwenzake, maji ya kijani kibichi chini ya vilele vya mawe matupu, na barafu bado imeshika ukingoni mwezi wa saba. Minnesota ina maziwa hadi mtu anachoka nayo, lakini mlima hakuna. Kilima kikubwa tunachokijua ni kile ambacho watoto hutelezea theluji. Wifi alikulia Taveta akiiona Kilimanjaro kila asubuhi kabla mawingu hayajaifunika, mlima wa watu wengine, ng'ambo ya mpaka, na hakuwahi kupanda hata kilima cha pili kutoka kwao. Miaka yote ile ya kufanya shifti mbili mbili alikuwa akisema atakapofika hamsini atapanda kitu. Alifika hamsini mwezi wa tano. Viatu alikuwa ameshavinunua mapema, akavilainisha kwa kuzunguka ndani ya maduka makubwa wakati wa baridi, akanichagua mimi niende naye kwa kuwa, alisema, mimi nikiwepo hawezi kulala usingizi.

Na alikuwa amemwahidi Mama kwamba akifika ziwani atampigia video amwonyeshe barafu.

Tulianza kupanda tumechelewa, kwa sababu ya tumbo langu la uongo. Mwanzoni njia ilipita kwenye misonobari, laini, yenye harufu ya sabuni ya sakafu. Watu waliokuwa wakishuka walitusalimu na kutuambia tumekaribia, uongo mtupu, na siku nyingine ningewaambia. Siku ile niliwaitikia wote kwa adabu. Nilichukua begi la wifi nikalibeba juu ya langu. Alinitazama.

"Leo umekuwa mtakatifu."

"Napunguza mwili," nikasema.

Alicheka akatangulia. Nilimtazama mgongoni, kofia yake ya rangi ya machungwa ikipanda na kushuka. Kila aliposimama kupumua alisema neno juu ya Mama. Mama angeuliza wenye miti hii ni nani. Mama angetaka kujua kama kuna nyoka. Alisema ubalozini mambo yamelegea, labda safari hii Mama angepewa viza, tukimtafutia daktari wa kifua huku angekaa hata miezi sita, angekaa chumba cha chini kwangu maana kwake kuna ngazi nyingi. Akaniuliza nadhani kile chumba kinahitaji zulia jipya.

"Kinahitaji," nikasema. Sauti ilitoka nzima, sijui kwa nguvu za nani.

Huyo mama alikuwa wangu pia, na hilo ndilo lililonichoma. Nilipoolewa nilifika Taveta na huu mdomo wangu, wiki ya kwanza nikawa nimegombana na shangazi wawili na muuza ndizi. Wakaenda kunishtaki kwa Mama mwenyewe nikiwa nasikia. Mama aliendelea kumenya ndizi zake, akasema, "Mwacheni aseme, nyumba hii ilikuwa kimya mno." Hakuna mtu aliyewahi kunipokea namna ile, hata kwetu. Nilitaka kuketi chini ya mojawapo ya ile misonobari nilie kama mtoto, na badala yake nilikuwa nachagua rangi ya zulia.

Miti ilipokoma, upepo ulitupiga usoni. Mbele yetu kulikuwa na bonde la majabali yaliyomwagika, mengine makubwa kama friji, na juu yake vile vilele, vyeusi, vyenye ncha, vimetuzunguka pande tatu. Njia iliishia pale. Mtu alipaswa kurukaruka juu ya mawe akifuata marundo madogo ya mawe yaliyopangwa kuonyesha njia. Mzee mmoja Mzungu aliyekuwa akishuka na mkewe alisimama akatuonyesha anga nyuma ya kilele cha kushoto. Wingu lilikuwa limeanza kuchungulia, jeupe juu, jeusi tumboni. Alisema milima hii radi hupiga kila alasiri, tusikae sana juu. Wifi alimshukuru kwa heshima zote.

"Dakika chache tu," akaniambia. "Nimpigie Mama, tushuke. Huko kwao ni saa tatu usiku, bado hajalala."

Alitoa simu akaiinua juu ya kichwa.

"Hakuna kitu," akasema.

Kila baada ya mawe machache aliiinua tena. Mimi nilikuwa nyuma yake, natazama mkono ule kuliko nilivyokuwa natazama nilipokanyaga, na mara mbili nusura nivunjike mguu. Sijawahi kuomba mtandao ukosekane maishani mwangu, lakini pale nilikuwa naomba kwa midomo.

Kisha tukapanda mgongo wa mwisho na ziwa likawa mbele yetu. Lilikuwa dogo kuliko lile la kwenye picha, na zuri kuliko picha. Maji yalikuwa yametulia kiasi kwamba vilele vilisimama ndani yake kichwa chini, na upande wa kivuli kipande cha barafu kilikuwa kinaelea, buluu kwa chini. Wifi alisimama akalitazama. Halafu akajifunga leso yake kiunoni juu ya suruali ya mlimani, leso aliyokuja nayo kutoka Champlin kwa ajili hiyo tu, akanipa simu yake.

"Nipige picha kwanza. Nionekane na mlima wote."

Niliishika. Nilimpanga katikati, kofia, leso, vilele. Nikabonyeza. Na ndipo simu ikaanza kutetemeka mkononi mwangu, mara moja, mara mbili, kisha mfululizo. Sijui mtandao ulitokea wapi, labda kwenye mwanya kati ya vile vilele. Juu ya picha ya wifi anayetabasamu yakateremka maneno ya yule binamu: pole sana dada, Mungu akutie nguvu, hatuamini Mama yetu. Chini yake yakaja mengine ya watu wengine. Nilibonyeza kitufe cha pembeni, nikakishikilia hadi kioo kikawa cheusi.

"Imetoka vizuri?" akauliza akija.

"Vizuri. Lakini imezima. Chaji."

"Chaji? Nilicharge usiku kucha motel."

"Baridi inakula betri," nikasema, na hilo angalau ni kweli, kila mtu wa Minnesota analijua.

"Basi leta yako."

"Niliacha garini."

Nilipomaliza kusema hivyo, simu yangu ikanguruma ndani ya jaketi. Ilikuwa mfuko wa kifuani, kati yangu na yeye, na pale juu palikuwa kimya sana. Bila shaka alikuwa mume wangu. Ilinguruma hadi ikachoka, ikanyamaza, ikaanza tena. Wifi aliutazama ule mfuko. Mimi nilitazama barafu. Nilikuwa nangoja swali, na sikuwa na uongo mwingine hata mmoja uliobaki.

Hakuuliza. Aligeukia maji, akachuchumaa, akatumbukiza mkono mmoja hadi kifundo na kuuacha humo.

"Basi nitamwonyesha picha," akasema.

Ngurumo ya kwanza ilipiga kabla hajainuka. Wingu lilikuwa limeruka kilele na kushuka upande wetu, na ziwa likageuka rangi ya risasi. Nikamwambia twende, twende sasa hivi, tukaanza kuyashuka yale majabali. Mvua ya mawe ilitukuta katikati. Punje zilitupiga mikononi na masikioni, miamba ikawa utelezi, na kila mwanga ulipopasua juu ya vilele nilihesabu ndani ya moyo watoto wangu na wake. Nilikuwa namwogopea kuliko nilivyojiogopea. Kama angeanguka pale, ningemwambia nini mume wangu, aliyekwisha kupoteza mama yake siku hiyo hiyo?

Katikati kabisa ya bonde wifi aliketi juu ya jiwe.

"Wifi, inuka."

"Niache nikae kidogo."

"Ni presha? Unaona kizunguzungu?"

"Kidogo tu. Niache."

Siku nyingine yoyote ningemfokea hadi milima iitikie. Ningemwambia radi haijui mtu aliyefika hamsini. Nilifungua leso kiunoni mwake, nikaketi karibu naye, nikatufunika wote wawili vichwa. Mvua ile ilipiga juu ya kitambaa. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, nami nilidhani ni baridi. Tulikaa hivyo mpaka ngurumo zikasogea bonde la pili, kisha akainuka mwenyewe, uso umelowa kama wangu, akasema, "Twende nyumbani."

Alitushusha zile kona bila kutetereka. Tulilala njiani, mume wangu akanieleza yote kwa simu nikiwa nimejifungia bafuni, na asubuhi wifi akashika usukani tena, South Dakota yote na nyasi zake, kisha Minnesota, akiongea kidogo, akiimba kidogo. Simu yake nilikuwa nayo mimi, imezimwa, na hakuidai hata mara moja. Nilianza kujipongeza. Nilifikiri nimefanya kama alivyonifanyia.

Jumapili alasiri tuliingia mtaa wetu. Magari yalikuwa yamepangwa pande zote mbili hadi kwa majirani, na watu wawili wenye nguo za kanisani walikuwa wanaingiza sufuria kwa mlango wa gereji. Wifi hakufika kwenye nyumba. Alisimamisha gari kwenye kona, akazima injini, mikono ikabaki kwenye usukani.

"Alikuwa na nani?" akauliza.

"Nani?"

"Mama."

Nilitazama zile sufuria zikiingia. Kisha nikasema, "Na yule msichana wa kazi, na jirani. Alikuwa amelala tu. Hakuteseka."

Aliitikia kwa kichwa polepole.

"Ulijuaje?" nikamwuliza. "Ni simu?"

"Simu ilikuja baadaye. Wifi, tangu jana asubuhi hujanigombeza. Nimemiss exit leo ukaniambia si kitu. Wewe? Ukisema si kitu, lazima kuna mtu amekufa."

"Mbona hukuniuliza kule juu?"

"Ningekuuliza ungeniambia. Halafu nani ange-drive?" Alitoa mikono kwenye usukani akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Na wewe hujalia."

"Nilikatazwa."

"Basi lia hapa, kabla hatujaingia. Huko ndani watataka unishike mimi."

Sikuwa nimepanga kulia. Nililia hadi mkanda wa gari ukanikaba, na yeye aliyefiwa na mama akanishika shingo akinipiga mgongo taratibu, pole wifi, pole, alikuwa mama yako. Aliponiona nimetulia alinifuta uso kwa ile leso, akajitazama kwenye kioo, akapaka midomo mafuta.

"Haya. Mimi sijui chochote," akasema, akawasha gari.

Mlangoni alivua viatu vyake vya mlimani akaviweka pamoja na vile vingine. Aliwasalimia watu mmoja mmoja, akauliza kulikoni, kwa sauti ile ile hasa ambayo ningeitumia mimi kama ningekuwa sijui. Mume wangu alimkalisha. Mwanamke mmoja akakaa kulia, mwingine kushoto, glasi ya maji ikaletwa. Nilisimama mbele yake nikijiandaa kumwona akiigiza, na moyoni nilikuwa namstahi kwa kuwapa watu hawa nafasi yao. Mchungaji akakohoa, akasema maneno yanayosemwa.

Wifi alipiga ukelele uliosimamisha watu jikoni. Aliteleza kutoka kwenye kochi, wale wawili wakamdaka, nami nikapiga magoti nikamdaka kwa mbele. Alinishika kola ya jaketi kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa uso wa mtu ambaye hajawahi kusikia jambo hilo popote.

"Wifi, wanasema nini?" akaniuliza. "Wanasema nini hawa?"

Nikamwambia. Nilisema Mama amekufa, kwa sauti, na ndipo na mimi niliposikia.